Wasomaji Wanauliza: Bakteria wa chumvi wanaweza kweli kututengenezea plastiki?

Toleo lililopita tuliweka kastori kafupi kuhusu vijidudu vinavyoishi kwa maji ya chumvi kali na vile vinaweza kutumika kutengeneza plastiki inayooza, tukadhani mambo yameisha hapo. Wapi. Meseji zimejaa kutoka kila kona ya Nairobi na zingine ni kali. Nimechagua chache, zingine nimeziunganisha juu zilikuwa zinauliza kitu kimoja.

Salamu mhariri. Niliwasomea wanafunzi wangu hiyo stori yenu, darasa zima likaangua kicheko, mmoja akauliza ati bakteria plastiki anaitolea wapi, anaienya? Nikakosa jibu la maana. Nisaidie. – Mwalimu wa biolojia, Kayole

Haienyi mwalimu, anaiweka ndani ya mwili na ukitaka kuipata lazima umpasue. Iko hivi. Bakteria akiwa na sukari tele lakini naitrojeni au fosforasi imemwishia, hawezi kugawanyika azae wengine, kwa sababu protini na DNA haziundwi bila hizo, na ile sukari nayo hataki imponyoke. Kwa hivyo anaikatakata mpaka inabaki vipande vya kaboni mbili mbili, anaviunganisha viwili viwili, halafu kuna enzaimu inayovishona kuwa mnyororo wa maelfu ya vipande, na huo mnyororo unajikunja kuwa punje. Ukiangalia kwa darubini unaona seli imejaa punje kama vile ng'ombe wa kienyeji anavyobeba nundu, na kazi ni ile ile, akiba ya siku ya njaa. Njaa ikifika anazimeng'enya tena anaendelea na maisha.

Hizo punje zinaitwa PHB, yaani polihidroksibutireti, na ukoo wake wote unaitwa PHA. Sio habari ya jana. Mfaransa Maurice Lemoigne aliiona PHB mwaka 1926 ndani ya bakteria wa udongo anaitwa Bacillus megaterium. Ukiitoa na kuikausha inakuwa unga mweupe, ukiupasha moto hadi karibu digrii 175 unayeyuka na unaweza kuumimina kwa kalibu kama plastiki nyingine yoyote. Shida ya PHB tupu ni kwamba inakatika, haipindiki, na ukiizidishia moto kidogo tu inaanza kuharibika. Ndio maana watu wanapenda binamu yake PHBV, ambaye ndani ya mnyororo amechanganyiwa vipande virefu kidogo, na huyo ni mpole zaidi, anakunjika.

Waambie pia wanafunzi kwamba wanaoweza hii kazi sio wa chumvi peke yao, kuna bakteria wengi sana kwa udongo na maji matamu wanaoifanya. Kwa nini basi watu wanakimbilia wa chumvi? Swali linalofuata ndilo hilo.

Mzee wenu hapa, nilifanya kazi kwa kiwanda cha pombe miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwa tenki usafi ndio dini, hamira ya mwituni ikiingia umemwaga kila kitu. Sasa nyinyi mnaandika ati hawa bakteria wanafugwa kwa tenki wazi bila kuchemsha. Mnatuchezea? – Mzee wa Kasarani

Shikamoo mzee. Hatukuchezei, na wewe unaelewa hii stori kuliko wengi wetu, kwa sababu wewe unajua bei ya mvuke. Mtu asiyewahi kuona kiwanda anadhani gharama ya kufuga bakteria ni sukari tu. Kumbe lazima tenki lichemshwe, mabomba yapigwe mvuke wa digrii 121, hewa inayoingia ichujwe, na baada ya kila awamu unasimamisha kila kitu unaosha unaanza upya, na siku kijidudu kimoja cha nje kikipenya tu, kazi yote imeenda kwa mfereji. Plastiki inayotokana na mafuta ya petroli haina hizo drama, ndio maana ni rahisi. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilijaribu kuuza PHBV kwa jina Biopol, hata chupa za shampuu zilitengenezwa Ujerumani mwaka 1990, na bakteria waliyetumia alikuwa wa kawaida, wa udongo, anayetaka usafi wote huo. Bei ikawa juu sana ukilinganisha na plastiki ya kawaida na biashara haikupaa, ikauzwa ikauzwa tena.

Sasa weka chumvi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Kuna bakteria anaitwa Halomonas bluephagenesis aliyetolewa ziwa la chumvi la Aydingkol huko Xinjiang, China, yeye anafurahia kama gramu 60 kwa lita, tena kwa maji yenye ukali wa magadi, pH ya 9 hivi. Hamira yako ya mwituni ikitumbukia humo inanyonywa maji na kunyauka. Bakteria wa maziwa, wa tumbo, wa mikono ya mfanyakazi asiyenawa, wengi wao hawatoboi. Timu ya Profesa Guo-Qiang Chen wa Chuo Kikuu cha Tsinghua ilionyesha mwaka 2011 kwamba unaweza kumfuga siku 14 mfululizo, unaingiza chakula huku unatoa seli kule, bila kuchemsha chochote, na hakuna mgeni aliyechukua tenki. Na kwa mazingira mazuri hizo punje zinaweza kufika asilimia 80 ya uzito mkavu wa seli. Mzee hebu fikiria hiyo, kilo moja ya seli kavu, gramu 800 ni plastiki.

Halafu kuna mwingine mkali zaidi, Haloferax mediterranei, huyu aliokotwa kwa mabwawa ya kuvunia chumvi karibu na Alicante, Uhispania. Kusema ukweli huyu sio bakteria, ni arkea, ukoo tofauti kabisa, lakini watu wanawaita bakteria kwa mazoea na mimi pia nitafanya hivyo leo. Anataka gramu 150 mpaka 250 kwa lita. Uzuri wake ni mbili. Kwanza anatoa PHBV moja kwa moja kutoka kwa sukari au wanga, wakati bakteria wengi lazima uwalishe kemikali ya ziada inayogharimu pesa. Pili ni hii ninayoipenda mimi, ukimaliza kumfuga unamtumbukiza kwa maji matamu anapasuka mwenyewe. Yeye anaishi kwa kujaza potasiamu ndani mpaka nguvu ya kuvuta maji ya ndani na ya nje zilingane, sasa ukiondoa chumvi ya nje ghafla maji yanaingia kwa kasi na ukuta wake, ambao pia unashikwa na chumvi, unalegea. Punje zinabaki zikielea, unaziosha. Wengine mara nyingi utahitaji soventi, yaani kemikali ya kuyeyusha kama klorofomu. Halomonas yeye hapasuki kirahisi hivyo, yeye badala ya potasiamu anatumia molekuli ndogo ndogo kama ekitoini kujisawazisha, na chumvi ikipungua anazitema tu anaendelea kupumua, kwa hivyo kumfungua bado kunataka sabuni kali au soventi.

Kwa hivyo mzee, tenki wazi ni kweli. Lakini sio tenki chafu, bado unapima pH na hewa kila wakati, na jinsi chumvi inavyopungua ndivyo wageni wanavyoanza kubisha hodi.

Mimi nauza ng'onda na samaki wa chumvi hapa Gikomba. Kuna wakati samaki anageuka rangi ya waridi juu. Hao ndio bakteria mnaowasifu? Na wanaweza kuniua? – Mama Samaki

Ndio mama, ni ndugu zao. Vile vitu vya waridi na nyekundu kwa samaki wa chumvi na hata kwa ngozi zilizotiwa chumvi ni arkea wa chumvi, mara nyingi wameingia na chumvi ya jua yenyewe. Rangi ile ile ndio inafanya Ziwa Magadi lionekane jekundu ukiwa juu ya kilima. Hao wenyewe hawajulikani kuleta ugonjwa kwa mtu, lakini samaki aliyefika hapo ameshaanza kuharibika, ananuka na anateleza, usimwuzie mteja. Weka kwa mahali pakavu na pa baridi, wanapenda joto.

Ila usitoke hapa ukisema kila kijidudu cha chumvi ni rafiki. Kuna Vibrio parahaemolyticus, anapenda chumvi kidogo ya bahari, na huyo anaharishisha watu vibaya wakila samaki wa bahari asiyeiva.

Boss niaje. Mimi niko Kitengela, Magadi sio mbali na kwangu. Nikichukua pikap na mitungi nijaze maji ya ziwa, niweke sukari, nipate plastiki niuze, nani atanizuia? – Hasla wa Kitengela

Niaje ndugu. Wa kukuzuia wako, na hata wasingekuwepo sukari ingekuzuia.

Tuanze na sheria, fupi. Kuchukua maji ya kuoga ni kitu kimoja, kuchukua vijidudu ili utafute pesa kutoka kwa uwezo wao ni kitu kingine, hiyo inaitwa rasilimali ya kijenetiki na Kenya ina kanuni zake tangu 2006. Unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira), na makubaliano na wenye mahali, na kama ni hifadhi basi KWS (shirika la wanyamapori) pia wako ndani. Sio urasimu wa bure. Miaka ya nyuma sampuli zilitoka kwa maziwa yetu ya magadi huko Bonde la Ufa zikaenda ng'ambo, na enzaimu zilizotokana nazo zikaishia kwa sabuni na kwa kazi ya kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 KWS walijitokeza kulalamikia kampuni ya Genencor kwamba Kenya haikupata mgao. Mwaka 2007 KWS wakaandikiana mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, wa kugawana faida. Kwa hivyo siku hizi ukiokota kitu unaandikwa umekiokota wapi.

Sasa hesabu. Glukosi kilo moja, hata kama bakteria angekuwa mwaminifu mia kwa mia, inatoa karibu gramu 480 tu za PHB, kwa sababu kaboni nyingine lazima iende hewani. Lakini bakteria naye anakula, anajenga mwili, anapumua, kwa hivyo kwa uhalisia panga kama kilo tatu za sukari kwa kilo moja ya plastiki. Chukua bei ya sukari dukani kwako zidisha kwa tatu, halafu nenda kwa mwenye kuuza punje za plastiki ya kawaida pale Industrial Area umuulize bei ya kilo. Usilie.

Ndio nasema tatizo la hii biashara haliko ziwani, hao bakteria unaweza hata kuwanunua kwa benki za vijidudu duniani. Tatizo ni chakula chao. Anayeshinda ni mwenye taka yenye sukari ambayo hakuna mwingine anaitaka. Huyo Haloferax ameshajaribiwa kwa maji yanayobaki ukitengeneza jibini na kwa masalia ya viwanda vya pombe ya mchele, na anakula wanga moja kwa moja kwa hivyo maganda ya viazi na maji ya mihogo sio matusi kwake. Wengi hapa wanakimbilia kutaja molasi ya Magharibi, na mimi naona hiyo ni ndoto kidogo, juu molasi ina wapenzi wengi, kuna kiwanda cha spiriti Muhoroni, kuna wafugaji wa ng'ombe, na kuna wapika chang'aa ambao wanalipa kwa keshi na hawaulizi risiti. Ukitaka kufikiria, fikiria kile kiwanda cha chipsi au cha maziwa kinaosha na kumwaga kila siku, na kinalipa kumwaga.

Na kama unatafuta pesa haraka kwa chumvi, angalia hiyo ekitoini niliyotaja kwa mzee. Iligunduliwa mwaka 1985 kutoka kwa bakteria wa Wadi Natrun, Misri, sasa inawekwa kwa krimu za ngozi na matone ya macho. Wajerumani wanamkamua Halomonas elongata kihalisi, wanamweka kwa chumvi nyingi aitengeneze, wanampunguzia chumvi aiteme, wanarudia. Gramu chache bei nzuri. Plastiki ni tani nyingi bei mbaya.

Mhariri, sisi huku Dandora tunaishi na taka za jiji zima. Serikali ilipiga marufuku mifuko 2017. Sasa nyinyi mnaleta plastiki "inayooza" ndio watu waanze kutupa tena? – Mkaazi wa Dandora

Hasira yako iko sawa. Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 iligusa mifuko ya kubebea, na faini yake inaanza milioni mbili, na sioni sababu ya mtu kutumia PHA kama mlango wa nyuma kurudisha mifuko.

Lakini tofautisha. Kuna ile plastiki ya kawaida iliyowekwa dawa ya kuifanya ikatike katike, hiyo haiozi, inakuwa vipande vidogo tu vinavyoingia kwa mchanga na tumbo la mbuzi. Kuna PLA inayotoka kwa mahindi, hiyo inaoza vizuri ukiwa na mtambo wa mboji wenye joto la karibu digrii 60, Dandora hatuna. PHA ni tofauti kwa sababu ni chakula cha bakteria toka mwanzo, kwa udongo na hata baharini kuna vijidudu vyenye enzaimu ya kuikata, kwa hivyo haihitaji mtambo. Ila muda unategemea unene na joto na kama kuna unyevu, karatasi nyembamba inaweza kwenda kwa miezi, chupa nene itakaa miaka. Na ikizikwa kwa lundo pasipo hewa itatoa gesi ya methani kama taka ya sokoni tu. Mimi ningeiona kwa vitu ambavyo lazima vibaki shambani au mwilini, nailoni ya kufunika matuta, vifuko vya miche, nyuzi za kushona kidonda. Sio kwa kubebea sukuma wiki, kiondo kipo.

Niko mwaka wa nne hapa Juja, nataka mradi wa bakteria wa chumvi. Nianzie wapi na kuna polima gani zingine, yaani minyororo kama hiyo ya PHA? – Mwanafunzi

Anza na kusoma kilichofanywa na wenzako hapo hapo kampasi, maana watafiti wa chuo kikuu chenu cha JKUAT wameshughulikia vijidudu vya maziwa ya magadi kwa muda mrefu. Kuna hadi wenye jina la kwetu, Natrialba magadii na Halomonas magadiensis. Chagua mapema kama unataka maji ya magadi, ambayo ukali wake ni kaboneti na pH inaweza kupita 10, au chumvi ya kawaida kama kwa mabwawa ya Gongoni kule Kilifi, kwa sababu wanaoishi humo sio wale wale na Haloferax wa kawaida hatapenda Magadi. Kupima nani ana punje ni rahisi, unaweka rangi ya Nile Red kwa sahani ya kuoteshea vijidudu, unawasha taa ya UV, wanaowaka unawachunguza zaidi. Usitangaze PHA kwa sababu ya kuwaka peke yake, mafuta pia yanawaka.

Polima zingine zipo. Halomonas smyrnensis kutoka mabwawa ya Çamaltı, Uturuki, anatoa levani, ambayo ni sukari iliyoshonwa mnyororo na inatoka nje ya seli kwa hivyo hakuna kupasua. Natrialba aegyptiaca anatoa asidi ya poliglutamiki, inashika maji vizuri. Hizo ushindani ni mdogo kuliko PHA, mimi ningeenda huko.

Mimi ni welda hapa Kariobangi Light Industries, nashona matenki ya stenlesi ya maziwa. Huyu mzee wa pombe akija na oda ya tenki la bakteria wa chumvi nimshonee la namna gani? – Welda

Usimshonee la maziwa, tafadhali. Ile stenlesi ya kawaida, daraja la 304, ukiiwekea chumvi, joto la digrii 37 na hewa inayopulizwa usiku na mchana, kloraidi itaanza kuitoboa vishimo vidogo vidogo, na kwanza kwa maungio yako, pale ulipopasha moto. Daraja la 316 linavumilia zaidi lakini kwa gramu 200 kwa lita usiape. Maabara nyingi zinatumia glasi, na kwa sababu hakuna mvuke wa digrii 121 hapa, unaweza kutumia vitu ambavyo mzee wa Kasarani hangekubali kiwandani kwake, faibaglasi, tenki la plastiki nene, hata saruji iliyopakwa vizuri. Ndio, utatengeneza plastiki ndani ya plastiki, cheka umalize.

Kitu ambacho wateja wako hawatakuuliza mpaka waandikiwe barua ni yale maji ya chumvi baada ya kazi. Tenki la lita elfu tano la Haloferax lina chumvi kama tani moja. Huwezi kuifungulia kwa mfereji wa Kariobangi ikaishia Mto Nairobi, itaua kila kitu na ni kosa kisheria, na pia ni pesa yako imeenda. Lazima irudi kazini. Kwa hivyo mshonee mteja matenki mawili sio moja, na kando yao bwawa la kina kifupi lililowekwa nailoni nzito, jua likaushe chumvi ivunwe itumike tena kama wanavyovuna Gongoni. Hapo kwako Kariobangi nafasi ya bwawa hakuna, mwambie atafute shamba upande wa Kajiado kabla hajakulipa dipoziti.